Ukifunua Chungu cha Umeme, Unapoteza Dakika Ngapi?

Karibu kila kijitabu kinachokuja na chungu cha umeme cha kupikia polepole kina onyo lile lile: usifunue bila sababu, kwa maana kila ukifunua unaongeza muda wa kupika. Kimoja kitasema dakika 15, kingine 20, kingine 30. Wapishi nao wamegawanyika. Wapo wanaolishika onyo hilo kama sheria, hawagusi kifuniko mpaka saa zitimie. Wapo wanaosema wamefunua miaka yote na chakula hakijawahi kuchelewa. Kila upande una ushahidi wake jikoni, na kwa kweli hakuna anayesema uongo. Tatizo ni kwamba zile dakika 20 zimebeba mambo kadhaa yaliyofungwa furushi moja, na mpaka ulifungue furushi lenyewe huwezi kujua lini onyo ni la kweli na lini limezidishwa.

Mimi nilianza nikiwa mtu wa kufunua. Chungu hiki hakipigi kelele. Hakitokoti kwa fujo, povu halimwagiki, na mtu aliyezoea jiko la kawaida hushindwa kuamini kwamba kuna kinachoendelea humo ndani. Basi unafunua uhakikishe. Dakika kumi baadaye unafunua tena. Nilipoacha ni pale nilipokaa na kalamu nikapiga hesabu ya joto, nikaona linakopotelea. Halipotelei pale nilipodhani.

Moto mdogo, kifuniko kikubwa

Tuanze na nguvu ya chombo chenyewe. Sahani moja ya jiko la umeme hutoa wati 1,000 hadi 2,000. Chungu cha polepole cha ujazo wa lita 6 hutoa kama wati 200 hadi 300 kwenye joto la juu, na kwenye joto la chini hupungua, kwa baadhi ya vyungu hadi takriban nusu ya hapo. Wati 120 ni joto la balbu mbili za mtindo wa zamani, na hilo ndilo linalotakiwa kuivisha kilo nne za nyama na mchuzi. Koili, ule waya unaotoa joto, nayo haikai chini peke yake kama kwenye jiko. Kwa kawaida imezungushwa ubavuni mwa ganda la nje, ili joto liingie taratibu kutoka kila upande. Wazo hilo ni la zamani: Mmarekani Irving Naxon alipewa hataza yake mwaka 1940, na miaka ya 1970 ndipo vyungu hivi vilipoenea majumbani chini ya jina la Crock-Pot.

Kwa moto mdogo namna hiyo, anayefanya kazi kubwa ni kifuniko. Kupandisha gramu moja ya maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 85 kunahitaji kama robo ya kilojuli. Kuigeuza gramu hiyo hiyo kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2.26, zaidi ya mara nane. (Kilojuli moja ni joto linalotolewa na koili ya wati 100 kwa sekunde 10.) Kwa hiyo kila gramu ya mvuke inayotoroka inaondoka na mzigo mkubwa wa joto kuliko inavyoonekana kwa macho.

Kifuniko kinauzuia mzigo huo usitoke. Mvuke unapanda, unagusa kioo, unageuka maji tena, unaliacha joto lake pale pale kwenye kioo. Kioo kikishakuwa cha moto, mvuke unaofuata unashindwa kupoa haraka, na maji yanavukiza kwa kasi ndogo tu, ile inayolingana na joto ambalo kifuniko kinaweza kulipeleka kwenye hewa ya jikoni. Matone yanarudi chini yakiwa bado ya moto. Mengine yanajipanga kwenye ukingo, baina ya kifuniko na chungu, yanaziba mwanya kwa utando mwembamba wa maji. Ndiyo maana kifuniko kilichotulia kwa saa mbili kinaonekana kama kimenata kidogo ukikiinua.

Wingu unaloliona silo hasara kubwa

Ukifunua, wingu la mvuke linakupiga usoni, na mtu yeyote atasema: joto lote limeondoka. Hapa ndipo dhana ya kwanza inapokosea.

Chukua mfano nitakaoutumia mpaka mwisho: chungu cha lita 6 chenye kilo nne za chakula chenye maji mengi, kwenye joto la chini, chakula kikiwa kimefika nyuzijoto 85. Juu ya chakula kuna nafasi ya lita mbili hivi. Katika lita hizo mbili, kwa joto hilo, mvuke wote haufiki hata gramu moja. Ukitoka wote na hewa yake, umepoteza chini ya kilojuli 2. Kwa upande wa pili, chakula pamoja na chungu chenyewe cha udongo mzito vinahitaji kama kilojuli 18 ili kupanda au kushuka nyuzijoto moja tu. Hewa ya juu inapoa sana kwa sekunde chache. Chakula hakihisi kitu. Ndiyo maana mtu akitumbukiza kipimajoto kwenye mchuzi, akafunua na kufunika, anaona namba haijasogea, anatangaza kwamba onyo la kijitabu ni hadithi.

Hasara yenyewe inaanza baada ya wingu kutawanyika. Sasa uso wa mchuzi uko wazi, kioo kilichokuwa kikirudisha joto hakipo, na maji yanavukiza bila kizuizi. Tuchukulie gramu 6 kwa dakika, makadirio ya upole kwa uso wa upana huo na joto hilo. Hizo ni kilojuli 13 na nusu kila dakika, sawa na wati 225. Linganisha na koili: inaingiza wati 120. Chungu kilicho wazi kwenye joto la chini kinapoteza kwa uso wake peke yake karibu mara mbili ya kile kinachoingizwa, kabla hujahesabu joto linalotoka ubavuni. Huko si kupika tena. Ni kupoza polepole.

Halafu kuna kifuniko chenyewe, ambacho watu hukisahau. Kioo cha gramu 700 kikilazwa juu ya meza baridi kwa dakika moja kinaweza kupoa nyuzijoto 15, na kukirudisha kilipokuwa kunahitaji kama kilojuli 9. Ukijumlisha mvuke wa mwanzo, uvukizi wa dakika moja na kioo kilichopoa, unapata takriban kilojuli 25. Kwa chungu kizima huo ni mshuko wa kama nyuzijoto 1.4.

Nyuzijoto moja na ushei! Kidogo mno, utasema. Lakini swali la muda halijibiwi na kiasi kilichopotea. Linajibiwa na uwezo wa chungu kukirudisha.

Kwa nini kurudi kunachukua muda mrefu

Chungu cha polepole kimetengenezwa kiwe na akiba ndogo ya nguvu. Kadiri chakula kinavyopata moto, ndivyo joto linavyovuja zaidi kupitia ubavu na kifuniko kwenda jikoni. Mwishoni kinachoingia kinakaribia kulingana na kinachovuja, na joto linatulia karibu na kiwango cha kuchemka bila kuruka juu. Hilo ndilo linalokuruhusu kuondoka nyumbani ukakiacha chenyewe. Ila maana yake ni kwamba ukifika nyuzijoto 85 kwenye joto la chini, kati ya zile wati 120, kama 100 zinatumika kufidia uvujaji tu. Zinazobaki kupandisha joto ni 20.

Sasa gawanya. Kilojuli 25 kwa wati 20 ni sekunde 1,250, yaani kama dakika 21. Hiyo hapo namba ya kijitabu, imejitokeza yenyewe kwenye hesabu.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwenye joto la juu, koili ikiwa ya wati 220. Uvujaji ni ule ule wa wati 100, kwa hiyo akiba ni 120. Kilojuli 25 zinarudi kwa dakika tatu na nusu. Mpishi anayetumia joto la juu na kusema haoni tofauti anasema kweli ya chungu chake. Na yule anayepika kwa joto la chini usiku kucha, akafunua mara nne kukoroga na kuonja, akakuta nyama bado ngumu saa ya kula, naye anasema kweli ya chungu chake. Wanabishana kuhusu vyombo viwili tofauti kana kwamba ni kimoja.

Muda wa kufunua nao una uzito kuliko idadi ya mara. Ukiinua kifuniko upande mmoja kwa sekunde 10, ukachungulia, ukakirudisha bila kukiweka mezani, hasara ni kama kilojuli 6: dakika tano kwenye joto la chini, chini ya dakika moja kwenye joto la juu. Ukikiacha wazi dakika tatu ukikoroga, ukitafuta chumvi, ukijibu simu, unaingia kwenye hasara ya nusu saa na zaidi. Kijitabu hakiwezi kujua wewe ni wa kundi gani, basi kinatoa namba moja inayomlinda mzembe.

Kuna jambo moja zaidi, na nadhani ndilo linalowachanganya hata waliokwisha kupiga hesabu. Muda wa joto kurudi si sawa na muda wa chakula kuchelewa. Nyama ngumu hulainika kwa sababu kolajeni, zile nyuzi ngumu zinazoshika misuli, inageuka taratibu kuwa jelatini, na kazi hiyo haisimami kwa sababu joto limeshuka kutoka 85 hadi 83 na nusu. Inapungua kasi tu. Tuseme imepungua kwa sehemu ya kumi. Kama umebakiwa na saa moja, umepoteza si zaidi ya dakika 6 za kazi. Kama umebakiwa na saa nne, ule upungufu mdogo unajikusanya saa baada ya saa, na hapo ndipo unapokaribia zile dakika 20. Kufunua mwishoni kwa ajili ya kuonja hakuna madhara ya kutisha. Kufunua katikati ya safari ndefu ndiko kunakogharimu.

Na mwanzoni je?

Saa za kwanza watu huziogopa kuliko zote, kwa sababu ya usalama. Hofu hiyo ina msingi: bakteria wengi wa chakula huzaliana kwa kasi kati ya nyuzijoto 5 na 60 hivi, na chungu hiki kinapita eneo hilo polepole kuliko sufuria yoyote. Lakini tazama hesabu inasemaje. Chakula kikiwa nyuzijoto 40, kinavukiza kidogo sana, kwa kuwa hewa iliyo juu ya maji ya joto hilo inabeba kama sehemu ya saba tu ya mvuke ambao ingebeba kwenye 85. Uvujaji nao bado ni mdogo, basi koili ina akiba kubwa. Kufunua kwa dakika moja wakati huo kunakuchelewesha takriban dakika moja.

Kwa hiyo aliyesahau kitunguu akafunua baada ya nusu saa hajahatarisha mtu. Kinachohatarisha ni nyama iliyoingizwa ikiwa bado barafu, chungu kilichojazwa mpaka ukingoni, kifuniko kilichokaa upande, au chungu kilichowekwa kwenye kitufe cha kutunza moto badala ya kupika. Nyama iyeyushwe kwanza kwenye friji. Chungu kijazwe kati ya nusu na theluthi mbili. Hayo mawili yana uzito kuliko kuchungulia kokote.

Maharagwe mekundu makavu nayataja kando, kwani hapo sitaki mtu abahatishe. Yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na mchemko kamili, na joto la chini la chungu cha polepole linaweza lisifike huko, hasa kikifunuliwa mara kwa mara. Mbaya zaidi, maharagwe yaliyopashwa moto bila kuchemka yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Yaloweke, mwaga maji ya kulowekea, yachemshe kwa nguvu kwenye sufuria ya kawaida kwa dakika zisizopungua 10 katika maji mapya, kisha ndipo yaingie chunguni.

Mwizi halisi wa muda

Mara nyingi kifuniko kinalaumiwa kwa kosa la kitu kingine. Watu hufunua kwa sababu wanaongeza kitu: karoti, viazi, maji kidogo. Basi hesabu kitu hicho.

Gramu 300 za mboga kutoka kwenye friji, kwa nyuzijoto 5, zinahitaji zaidi ya kilojuli 90 kufika 85. Hiyo ni karibu mara nne ya hasara ya kufunua dakika nzima. Nusu lita ya maji ya bomba inakula kama kilojuli 135. Kwa akiba ya wati 20, maji hayo peke yake yanarudisha chungu nyuma karibu saa mbili. Mpishi atakumbuka kwamba alifunua mara moja tu, atashangaa kwa nini chakula kimechelewa kiasi hicho, kisha atawaambia wengine kwamba kufunua mara moja kunaharibu kila kitu. Kumbe alimwagia maji baridi.

Dawa yake ni rahisi. Maji ya kuongeza yachemshwe kwanza kwenye birika. Mboga zitolewe kwenye friji mapema, au zipashwe moto kidogo kwenye kikaango kabla ya kuingia. Na kama ni lazima uongeze kitu kikubwa na baridi katikati ya mapishi, peleka swichi kwenye joto la juu kwa nusu saa au zaidi, ndipo urudishe. Akiba ya wati 120 itafanya kwa dakika chache kile ambacho wati 20 zingekifanya kwa saa.

Kukoroga nako kunastahili swali: unakoroga kwa ajili gani? Kwenye jiko la kawaida tunakoroga ili chini kusiungue, kwa kuwa moto mkali uko mahali pamoja. Hapa moto ni hafifu na umezunguka, hakuna cha kuungua kama kioevu kipo cha kutosha. Sababu ya kukoroga imeondoka, mazoea yamebaki. Mimi nakoroga mara moja, saa ya mwisho, wakati wa kurekebisha chumvi.

Ila kuna vyakula ambavyo kanuni yao ni kali kuliko hesabu yangu. Keki inayopikwa humo haina wingi wa maji unaotunza joto. Juu yake inategemea hewa ya moto iliyofungiwa, na ukifunua kabla haijashika inaweza kudidimia katikati. Vivyo hivyo kipande kikubwa cha nyama kilichochomoza juu ya mchuzi. Sehemu ya chini inaivishwa na kioevu, sehemu ya juu inaivishwa na mvuke peke yake, na mvuke ndio unaoondoka kwanza. Hapo kipimajoto kilichotumbukizwa kwenye mchuzi kitakudanganya kwamba hakuna kilichopotea. Kitumbukize katikati ya nyama, penye unene. Kama kifuniko chako kina kitundu cha kupitisha mvuke na kipimajoto chako kina sindano nyembamba, huhitaji hata kufunua.

Na kama ni kuona tu, gonga kioo kwa ncha ya kidole au kizungushe kidogo bila kukiinua. Matone yatateremka, utaona ndani vizuri kwa sekunde kadhaa, na ule utando wa maji ukingoni hautavunjika.

Imebaki hali moja ambayo mtu anafunua makusudi na kuacha wazi: mchuzi ni mwepesi, anataka upungue. Mapishi mengi yanashauri uondoe kifuniko nusu saa ya mwisho. Kwa gramu 6 kwa dakika, nusu saa ingeondoa kama gramu 180, chini ya kikombe kimoja, na hata hizo hazifiki, kwa sababu chungu kinapoa kadiri kinavyovukiza na uvukizi wenyewe unapungua. Kwenye joto la chini utasubiri sana, na utaishia na mchuzi uliopoa ambao bado ni mwepesi. Kwenye joto la juu inawezekana, kwa uvumilivu. Njia ninayoitumia ni kuchota mchuzi, kuumimina kwenye sufuria pana juu ya jiko la kawaida, na kuuchemsha kwa nguvu dakika saba au nane wakati nyama imebaki chunguni, imefunikwa, ikitunza moto wake.